Maji Yasiyo na Mlango

Wajukuu zangu,

Jumapili mlipokuja uani kwangu baada ya ibada mlinieleza jambo lenu vizuri, kwa heshima, na mimi sikuwajibu. Niliwapa chai, nikawauliza habari za mama zenu, nikawaacha mwende. Najua mlitoka mkinong'ona kwamba mzee amechoka. Sikuchoka. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana jibu langu linaanzia mbali, kwenye mto mdogo wa kaskazini mwa Norwe, na kabla halijafika hapa Dongobesh lazima lipitie kwenye debe moja ambalo kwa miaka zaidi ya arobaini sijamsimulia mtu.

Mnataka kuleta vifaranga vya sato. Mmekwisha kuchangishana, mmempata muuzaji, mnajua vinavyosafirishwa kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni. Mpango wenu ni kumwaga vingine bwawani na vingine mtoni, vizaliane vyenyewe, ili kijana asiye na shamba ashuke na ndoana apate kitoweo na cha kupeleka mnadani. Mkaniomba niwasemee kwenye mkutano.

Kwa mabwawa ya kuchimba nitawasemea, tena kwa sauti. Kwa mto sitasema, na mwingine akisema nitasimama kumpinga. Nisikilizeni kwa nini.

Nilizaliwa kabla hospitali ya Haydom haijafunguliwa mwaka 1955. Wanorwe walioijenga walikuja na watoto wao, na watoto hao walichunga ndama pamoja nasi, wakala ugali wetu, wakakisema Kiiraqw bila kujikwaa. Mmoja wao niliendelea kuandikiana naye barua hadi sote tukawa na mvi. Mwaka 2023 akaniita nikamtembelee kabla mmoja wetu hajatangulia. Nikaenda, mwezi wa Julai, hadi Finnmark, pembe ya kaskazini kabisa ya nchi yao, kwenye ghuba ya Varanger. Kule wakati huo jua halizami. Linashuka hadi karibu na ukingo wa bahari, linatembea pembeni kama mtu anayetafuta mlango, kisha linapanda tena. Siku ya kwanza nilisali sala ya jioni mara mbili, sikujua jioni ni ipi.

Mwenyeji wangu anapenda kuvua. Havui kwa kuuza. Anavua kwa ufito na nzi wa bandia, ufundi ambao baba yake alimfundisha. Lakini kabla hajanionyesha mto alinionyesha beseni. Alitumbukiza humo viatu, wavu wa mkono, ufito na kikunjio cha mshipi, vyote kwenye maji yenye dawa, akangoja, akavitoa na kuvianika. Nikamwambia, hili ni josho. Akakumbuka josho la ng'ombe la utotoni kwetu, akasema ndilo hasa.

Aliniambia sababu. Miaka ya 1970 waliingiza nchini mwao vifaranga vya samaki kutoka Uswidi, kwa ajili ya kufuga. Vifaranga vilionekana vizima kabisa. Juu ya ngozi zao alikuwapo kimelea mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho, ambaye samaki wa kule walikotoka walikwisha kumzoea. Samaki wa mito ya Norwe hawakuwa wamemzoea. Mito karibu hamsini iliambukizwa, na salmoni wadogo wakafa humo kwa wingi usiohesabika. Na tiba yake? Kumwaga sumu mtoni, kuua kila samaki aliyemo, mwenye ugonjwa na asiye nao, halafu kuanza upya kwa samaki wa mto ule ule waliokuwa wametunzwa pembeni. Sumu inayotumika ni rotenoni. Ninyi mnaijua bila kujua kwamba mnaijua: imo kwenye majani ya utupa, ule mmea ambao katika nchi nyingi za Afrika watu huutwanga na kuutia majini ili samaki walewe na kuelea. Taifa tajiri, lenye wataalamu na maabara, lilirudi kwenye utupa, likaua mito yake kwa mkono wake, kwa sababu ya vifaranga vile.

Mlipotaja mifuko ya oksijeni Jumapili, ndilo beseni lile nililoliona.

Basi tukashuka mtoni. Maji yale ni meupe hadi unahesabu kokoto, na baridi yake inapenya suruali ya mpira inayofika kifuani. Na kwenye kina cha magoti, wametazama mkondo, walikuwa wamejipanga samaki wengi kuliko nilivyopata kuona mahali pamoja, wengine migongo ikiwa nje ya maji. Migongo hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Dume alikuwa na nundu. Nundu ya kweli, imeinuka nyuma ya kichwa kama ya fahali wetu. Wanorwe humwita kwa nundu yake, na Warusi vivyo hivyo. Jina la Kirusi, gorbusha, linatokana na nundu. Waingereza humwita kwa rangi ya waridi ya nyama yake. Mimi nimemwita salmoni nundu, na ng'ombe wangu hawatanung'unika.

Nundu hiyo samaki haji nayo kutoka baharini. Akiwa chumvini ni samaki wa fedha, mwembamba, wa kawaida. Akikaribia mto ili kutaga, mwili unamgeuka: mgongo unainuka, taya linapinda kama ndoana, rangi inaingia giza. Akiisha kuingia maji baridi hali tena. Anaishi kwa akiba aliyoibeba mwilini. Jike hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwenye changarawe, dume anayarutubisha, na baada ya siku chache wote wawili wanakufa. Wote, bila hata mmoja kusazwa. Mayai yanakaa chini ya changarawe majira yote ya baridi. Yakiangua, vifaranga vinaelekea baharini karibu mara moja, vinakaa mwaka na kitu, vinarudi kutaga, vinakufa. Maisha yake ni miaka miwili kamili.

Nilikaa juu ya jiwe nikilifikiria hilo. Katika samaki wote waliokuwa mbele yangu, hakuna hata mmoja aliyepata kumwona mzazi wake. Hakuna mzee mtoni. Kila kizazi kinaingia peke yake, kinafanya kilichoumbiwa, kinaondoka. Kama jambo lilikwenda vibaya mwaka juzi, hakuna aliyebaki wa kulisema. Mungu amewapa hao elimu yao damuni, inawatosha. Sisi hakutupa hivyo. Sisi alitupa wazee, na wazee alitupa ulimi, na mzee anayekaa kimya kwa aibu amewaacha wajukuu wake mtoni kama samaki wale. Ndiyo maana nawaandikia na debe lile nitalifikia.

Ngoja kwanza nimalize siku.

Mwenyeji wangu alinipa ufito mrefu karibu mita tatu, mwepesi kama bua la mtama. Nzi wenyewe ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo, wa rangi ya waridi iliyoiva, kwa kuwa samaki yule huiandama rangi hiyo. Wavuvi husema anauma kwa hasira, maana njaa hana. Nzi huyo hana uzito, na hapo ndipo kazi ilipo. Sisi tukivua Ziwa Tlawi kwa chambo cha nyungunyungu, tunafunga kijiwe, kijiwe kinaubeba mshipi. Huku ni kinyume: mshipi ndio mzito, mshipi ndio unaombeba nzi. Kwa hiyo huwezi kuurusha mbele moja kwa moja. Unaurusha nyuma kwanza. Unaacha upite juu ya bega lako, unangoja unyooke wote angani nyuma ya mgongo wako mahali usipopaona, na unapouhisi umekaza kidogo mkononi, hapo ndipo unaurusha mbele.

Mimi nimelima na maksai tangu nikiwa na miaka minane. Mkono wangu unajua mjeledi. Nikarusha kama mjeledi, na mshipi ukalia, ta! Ulikuwa mlio mzuri, ungesikika mpaka ng'ambo ya shamba. Mwenyeji wangu akaukunja mshipi taratibu akanionyesha ncha. Nzi hakuwapo. Akasema mlio ule ndio sauti ya nzi anayekatika. Ukisikia mshipi umelia, ujue umeurudisha mbele kabla haujanyooka nyuma. Nilipoteza nzi wanne asubuhi ile, kila mmoja amefungwa kwa mkono kwa nusu saa, na yeye hakusema neno, ila kila mara aliniambia kwa Kiswahili chake cha Haydom: ngoja, ngoja, bado iko nyuma.

Wajukuu zangu, ninyi mnarusha mbele. Nguvu mnayo, nia mnayo, na mbele mnakotazama ni kuzuri. Mimi ndimi mshipi ulio nyuma yenu. Ningojeni ninyooke.

Karibu na saa sita nilimpata mmoja. Mshipi ulisimama tu, kama umenasa kwenye jiwe, kisha jiwe likaondoka. Sitawaeleza yote, mikono ilitetemeka, na nilimwita kwa Kiiraqw kama ninavyomwita ndama mkaidi. Alipofika kwenye kina kifupi, mwenyeji wangu akapaza sauti: mkia! Tazama mkia kwanza! Kwa maana kwenye mito ile wapo salmoni wenyeji, waliokuwapo tangu barafu ya kale ilipoyeyuka, na hao ukiwanasa siku hizo unawarudisha majini polepole, umewashika kwa mikono iliyolowa. Salmoni nundu ana madoa meusi makubwa ya mviringo mkiani. Salmoni mwenyeji hana. Wangu alikuwa na madoa.

Basi akanipa rungu dogo la mti.

Nikamuuliza, nyama yake haifai? Akasema inafaa sana, akiwa bado mpya kutoka baharini, jioni tutambanika. Nikamuuliza, mbona basi unasema kama unayenikabidhi nyoka? Ndipo akakaa chini na kunieleza, huku samaki wakitupita miguuni.

Makao ya samaki huyu ni Pasifiki, upande wa pili wa dunia kutoka pale. Mwaka 1956 wataalamu wa Umoja wa Sovieti walianza kuyahamisha mayai yake kutoka kisiwa cha Sakhalin hadi mito ya rasi ya Kola, jirani na Norwe. Walitaka chakula. Vita ilikuwa imewapita, watu walihitaji samaki, na samaki wa miaka miwili anayerudi mwenyewe mlangoni kwako ni neema. Hawakuwa watu wabaya wala wajinga. Kwa zaidi ya miaka ishirini walileta mayai, na samaki hawakushika. Waliozaliwa walirudi kidogo, kisha wakapotea. Mtu angesema mto umekataa, jambo limekwisha. Mwaka 1985 wakajaribu tena, kwa mayai kutoka upande wa Magadan, kaskazini zaidi, kwenye baridi zaidi. Safari hiyo wakashika. Na kwa kuwa maisha yao ni miaka miwili, kizazi kilichoshika ndicho kile kinachorudi kila mwaka wa namba witiri. Miaka shufwa mto unakaribia kuwa mtupu. Mwaka 2017 walitokea Norwe kwa wingi uliowashtua watu. 2019 zaidi. 2021 zaidi sana. Mwaka ule niliosimama mimi pale, 2023, walitolewa nchini humo zaidi ya laki mbili.

Kwani wana ubaya gani? Wao wenyewe hawana. Wanaingia kwa maelfu kwenye kijito ambacho salmoni wenyeji ni mamia, wanajaa sehemu za kutagia, kisha wanakufa wote kwa pamoja na miili inaozea humo. Salmoni mwenyeji anatafuta nafasi kwenye mto wa baba zake anakuta harusi ya watu wengine na matanga yao siku moja. Na huyo mwenyeji alikuwa tayari dhaifu kwa sababu nyingine. Kwenye Tana ya kule Finnmark, mto mkubwa ambamo Wasami, wenyeji wa kaskazini, wamevua salmoni kwa karne nyingi, uvuvi wa salmoni ulifungwa mwaka 2021. Mwaka 2024, baada ya mimi kurudi, serikali ilifunga mito thelathini na mitatu kwa mara moja.

Mchana alinipeleka chini kidogo, karibu na mdomo wa mto, nikaone mtego. Wameziba mto wote kwa fito za chuma, wameacha mlango mmoja unaoingia kwenye sanduku la wavu. Humo ndani vijana wa umri wenu wamesimama kiunoni majini, saa zote, maana usiku haupo. Wanashika samaki mmoja mmoja. Mkia wenye madoa, huku. Mkia usio na madoa, anapitishwa juu aendelee na safari yake. Mmoja mmoja. Niliwatazama nikahesabu kwa dakika chache nikaacha. Kijana mmoja alipanda kupumzika, vidole vimekufa ganzi, nikamuuliza kupitia kwa mwenyeji wangu: mtaimaliza lini kazi hii? Akasema mwaka keshokutwa wanarudi, na mwaka ule mwingine. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema mtu kuhusu magugu.

Walioleta mayai yale mwaka 1956 wengi wao wamekwisha kufa. Wanaosimama kwenye baridi ni wajukuu, tena wajukuu wa watu wengine, wa nchi nyingine.

Sasa rudini nami nyumbani, mtazame maji yetu. Norwe angalau wana bahari mbele yao. Samaki anatoka, anaingia, unaweza kumwekea mlango. Sisi nchi yetu ni ya Bonde la Kati. Mvua inayonyesha huku juu haifiki baharini hata tone. Inashuka mabondeni, inaishia kwenye maziwa ya magadi na chumvi, Eyasi na Manyara, na humo maji hayatoki ila kwa kupaa angani. Chochote kinachotiwa kwenye maji ya namna hiyo kimefika mwisho wa safari. Hakuna pa kukifukuzia.

Na maziwa hayo si matupu kama wapita njia wanavyodhani. Yumo perege mdogo, wa Manyara na Eyasi na maziwa machache ya jirani, anayestahimili chumvi ambayo ingemuua perege mwingine. Hapatikani nje ya Tanzania. Miaka ya mvua nyingi Eyasi ikijaa, wavuvi hushuka kutoka mbali kwa ajili yake na kwa ajili ya kambale; ziwa likikauka, anangoja kwenye chemchemi na midomo ya mito. Sato naye huzaana na perege wa aina nyingine. Wanachanganyika, na baada ya vizazi vichache yule wa zamani hayupo, bila hata kuonekana amekufa. Hilo si la kubuni; Ziwa Victoria lilionyesha. Sato na sangara waliingizwa kule katika miaka ya 1950 na 1960. Ngege, perege aliyekuwa kitoweo cha watu wa ziwa lile, karibu ametoweka kwenye ziwa lenyewe. Furu, vile visamaki vya aina mamia, inakadiriwa aina mia mbili zimekwisha. Najua mtaniambia sangara amejenga viwanda Mwanza na kusomesha watoto. Ni kweli, sikatai, nami nina ndugu aliyesomesha kwa sangara. Lakini nawaomba mtambue kwamba waliopata na waliopoteza hawakuwa watu wale wale, na waliopoteza hakuna aliyewauliza.

Hata Kenya, mwaka 1905, Mwingereza Ewart Grogan alileta trauti kutoka Uskochi akawatia mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, ili wazungu wapate kuvua kwa nzi wa bandia kama kwao. Wako hadi leo. Miaka mia na ushee, na mtu aliyewataka amelala zamani.

Nimefika kwenye debe.

Ilikuwa mwaka 1978. Tulikuwa tumehamia kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, na chini ya nyumba zetu kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilikuwa nimefanya vibarua Babati, karibu na ziwa, nikazoea kula samaki. Kwetu wazee wengi walikuwa hawamgusi. Bibi yangu alisema samaki ni mnyama wa maji na maji yana wenyewe. Alikuwa akiwaogopa netlangw, pepo wa kwenye chemchemi na vijito, na kwa kuwaogopa hao hakuna mtu wa rika lake aliyekata mti mahali maji yanapotokea. Mimi nilikuwa nimesoma, nimebatizwa, nikamwona mshamba. Nikasema nitawaletea watu chakula. Nikabeba debe la kambale wadogo kutoka Babati, kwenye lori la mahindi, nikilitingisha njia nzima ili maji yapate hewa. Wengi walifika hai. Niliwamwaga lamboni jioni, mbele ya watoto wakipiga makofi, na ile ni moja ya siku nilizokuwa na furaha kuliko zote maishani mwangu.

Katika lambo lile na kwenye kijito chake kulikuwa na visamaki vidogo vya urefu wa kidole, vyenye mstari ubavuni. Hakuna aliyevila. Watoto waliviteka kwa kitambaa, wakavicheza kwenye kibuyu, wakavirudisha. Mimi mwenyewe niliviteka nikiwa mtoto. Kulikuwa na vyura pia, ambao kwa kelele zao wazee walijua mvua imekaribia.

Baada ya masika matatu watoto walishuka na kitambaa wakarudi mikono mitupu. Vyura walinyamaza mwaka uliofuata. Kambale walikuwa wakubwa, na kweli tuliwala, siwadanganyi, walikuwa watamu. Nikajiambia, ni lambo tu, kijitoni visamaki bado vipo. Mwaka 1997 ikaja mvua ya El Niño, tuta la lambo likapasuka usiku, na asubuhi kambale walikuwa kijitoni kote hadi chini bondeni. Nilitembea na kijito kile siku mbili nikiwa na kitambaa cha mke wangu. Sikupata hata kimoja.

Jina la kisamaki kile sikuwahi kuwauliza wazee walipokuwapo. Bibi bila shaka alikuwa nalo. Nilidhani kitu kilichokuwapo siku zote hakihitaji kuulizwa jina.

Sasa mnajua kwa nini nilinyamaza Jumapili, na kwa nini kule Norwe, nilipopewa rungu, mkono wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa nimemshika samaki asiye na kosa, aliyeletwa na watu wenye nia njema, na watu hao niliwafahamu. Mmoja wao alikuwa mimi.

Jioni, jua likiwa pale pale, tulimpasua. Nyama ilikuwa ya waridi kama walivyosema. Tulimbanika kwa chumvi tu, tukala kwa viazi, na mwenyeji wangu akaomba kwa Kiiraqw ile sala ya chakula tuliyofundishwa pamoja utotoni. Sijapata kula samaki kwa shukrani na huzuni vikiwa pamoja namna ile.

Basi, kazi yenu. Sikutaka kuwaambia msifuge. Vijana wa hapa wanahitaji kipato, mashamba yamekatwakatwa hadi mtu anarithi matuta, na samaki wa bwawa la kuchimba ni riziki nzuri. Chimbeni. Lakini chimbeni mbali na mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji na ukingo wa mto, na kwa samaki mimi ningeziona mita hizo ni kidogo. Chagueni mahali palipoinuka ambapo hata mvua ya El Niño haitafika. Bomba la kutolea maji liwe na wavu wa tundu dogo, na maji yanayotoka yaingie shambani kwenye vitunguu, yasirudi kijitoni, vitunguu vitawashukuru. Chukueni vifaranga vya dume tupu, na hata muuzaji akiapa, jueni majike wachache hupenya. Mkivuna, kausheni bwawa hadi tope lipasuke. Vilivyobaki vidogo msivionee huruma mkavipeleka mtoni. Huruma ya namna hiyo ndiyo niliyowaeleza. Na kabla ya yote nendeni kwa afisa uvuvi wa halmashauri, ofisi iko hapa hapa, awaambie vifaranga vinatoka wapi na vimekaguliwa na nani.

Jambo jingine ni ombi langu mwenyewe. Kabla hamjaleta samaki wowote, chukueni kitambaa na ndoo nyeupe, mshuke na mto wetu kuanzia chemchemi hadi chini, mwangalie kilichomo. Nendeni na watoto, wao wana macho. Mkikuta kisamaki cha urefu wa kidole, chenye mstari ubavuni, msikitoe majini kwa muda mrefu. Mmoja akimbie aniite, hata kama ni usiku, hata kama nimelala. Halafu tumtafute bibi yeyote aliyebaki, Kainam au Murray au popote, tumuulize anaitwaje.

Njooni Jumamosi kabla jua halijawa kali. Majembe mnayo. Mimi nitakuja na kamba ya kupimia, nimekwisha kuifunga mafundo, mita sitini.